Bath, mji wa maji moto: majengo yake yanaonyesha nini na yanaficha nini?

Mji wa Bath uko kusini magharibi mwa Uingereza, kando ya mto Avon, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa treni kutoka London. Wakazi wake ni takriban 90,000 tu, lakini tangu mwaka 1987 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Si jengo moja lililoorodheshwa, wala mtaa mmoja, bali mji mzima. Mwaka 2021 uliingizwa tena kwa mara ya pili, safari hii pamoja na miji mingine 10 ya Ulaya iliyokua kutokana na chemchemi za maji ya tiba.

Anayefika Bath kwa mara ya kwanza huona kitu kimoja: majengo ya jiwe la rangi ya asali, yaliyopangwa kwa ulinganifu, kana kwamba mtu mmoja aliuchora mji wote kwa siku moja. Vitabu vya watalii huishia hapo. Sisi tunataka kwenda hatua moja mbele. Nani hasa aliyajenga majengo haya? Fedha zilitoka wapi? Na kipi ni cha kale kweli, kipi kilibandikwa baadaye?

Maji yaliyoanza yote

Kabla ya jengo lolote kulikuwa na maji. Mvua inayonyesha kwenye vilima vya Mendip huzama ardhini kupitia miamba ya chokaa hadi kina cha zaidi ya kilomita mbili. Huko chini hupashwa moto na joto la ardhi, kisha hupanda tena kupitia nyufa za miamba na kutokea katikati ya Bath. Wataalamu wanakadiria kwamba maji yanayotoka leo yalinyesha kama mvua maelfu ya miaka iliyopita. Chemchemi kubwa kuliko zote mjini, iitwayo King's Spring, hutoa zaidi ya lita milioni moja kwa siku, yakiwa na joto la nyuzi 46 hivi za Selsiasi.

Wenyeji wa kale waliamini mahali hapo ni pa mungu wao wa kike, Sulis. Warumi walipoivamia Uingereza mwaka 43 baada ya Kristo, hawakumfukuza. Walimuunganisha na mungu wao Minerva, wakamjengea hekalu, na mji wakauita Aquae Sulis, yaani maji ya Sulis. Ilikuwa siasa ya busara: ukitaka kutawala watu, usiguse kisima chao.

Karibu na hekalu walijenga mabafu. Bwawa kuu bado lipo. Kina chake ni mita 1.6, na chini limetandikwa mabamba 45 ya madini ya risasi yaliyowekwa na mafundi wa Kirumi. Lakini hapa ndipo mgeni anapohitaji kutazama kwa makini. Sakafu, ngazi, bwawa na vitako vya nguzo ni vya Kirumi. Nguzo zenyewe na baraza ya juu yenye sanamu za watawala wa Roma ni kazi ya karne ya 19. Bwawa lilifukuliwa miaka ya 1880 chini ya usimamizi wa Charles Davis, mhandisi wa mji, sanamu zikachongwa mwaka 1894, na watu wakaanza kuingia kutembelea mwaka 1897. Kwa hiyo katika picha nyingi zinazopigwa hapo, nusu ya chini ni ya Warumi na nusu ya juu ni ya enzi ya Malkia Victoria.

Hata rangi ya kijani ya maji, ambayo watu wengi hudhani ni ya asili, inatokana na mwani unaoota kwa sababu ya jua. Wakati wa Warumi bwawa lilikuwa na paa kubwa, na maji hayakuwa ya kijani.

Kitu tunachokiona kuwa cha thamani kuliko vyote katika makumbusho ya mabafu hayo si bwawa wala sanamu. Ni vibamba vyembamba vya risasi, takriban 130, ambavyo watu wa kawaida waliviandika, wakavikunja na kuvitupa kwenye chemchemi. Vingi ni laana. Mtu ameibiwa joho akiwa anaoga, mwingine fedha, na mmoja aitwaye Docimedis amepoteza glavu mbili tu, naye anaomba mwizi apoteze akili na macho. Wengine walitaja majina ya wanaowashuku, na wapo walioandika herufi kinyumenyume. Majengo ya kifalme hutuambia matajiri walitaka kuonekana vipi, ilhali vibamba hivi vinatuonyesha watu waliochoka kuibiwa, na ambao hawakuwa na mahali pengine pa kushtaki.

Abasia na malaika wanaopanda ngazi

Hatua chache kutoka kwenye mabafu kuna abasia ya Bath. Kanisa la watawa lililotangulia mahali hapo ndimo alimotawazwa Edgar kuwa mfalme wa Waingereza mwaka 973. Jengo la sasa lilianzishwa na Askofu Oliver King mwaka 1499. Inasimuliwa kwamba aliota malaika wakipanda na kushuka ngazi kati ya mbingu na dunia, na ndiyo maana upande wa mbele wa kanisa una ngazi mbili za mawe zenye malaika waliochongwa. Mmojawapo anashuka kichwa chini, jambo ambalo watoto huligundua kabla ya watu wazima.

Kazi ilikuwa haijakamilika Mfalme Henry VIII alipozivunja nyumba za watawa. Abasia ya Bath ilifungwa mwaka 1539, na kanisa likabaki gofu kwa miaka mingi kabla ya kukarabatiwa. Dari maarufu la mawe, lililotandazwa kama feni za mkono, nalo ni la enzi mbili: sehemu ya mashariki ni ya karne ya 16, lakini upande wa waumini ni kazi ya George Gilbert Scott, msanifu majengo wa karne ya 19, aliyeiga ile ya awali kwa ustadi mkubwa.

Kuta za ndani zimejaa mabamba ya kumbukumbu, zaidi ya 600. Wengi wanaokumbukwa hawakuwa wenyeji. Walikuja Bath kutafuta afya, wakafia hapo. Baadhi yao walitajirika kwa mashamba ya miwa ya visiwa vya Karibiani, na jambo hilo halikuchongwa kwenye jiwe. Tutalirudia baadaye.

Mbele moja, nyuma nyingi

Bath tunayoiona leo ilijengwa kwa sehemu kubwa katika karne ya 18. Malkia Anne alikuja kuoga mwanzoni mwa karne hiyo, na alikokwenda malkia, wenye nafasi walifuata. Richard Nash, aliyejulikana kama Beau Nash, akawa msimamizi wa starehe za mji: alipanga dansi, akapiga marufuku kuvaa panga kwenye kumbi, na kujipatia chake kwenye kamari. Wageni walihitaji mahali pa kulala. Hapo ndipo watu wawili wakaona biashara.

Wa kwanza ni Ralph Allen, aliyepata utajiri kwa kupanga upya usafirishaji wa barua, kisha akanunua migodi ya mawe ya Combe Down juu ya mji. Jiwe la Bath ni laini kukata, lakini wajenzi wa London hawakuliamini. Allen akajenga kasri lake, Prior Park, kwa jiwe hilohilo, mlimani ambako kila mtu angeliona. Lilikuwa nyumba na tangazo la biashara kwa wakati mmoja. Mwaka 1762 aliongeza kitu cha ajabu zaidi: Sham Castle, ngome ya kilimani ambayo si ngome. Ni ukuta mmoja wenye minara na malango, na nyuma yake hakuna chumba hata kimoja. Ilijengwa ili ipendeze ikitazamwa kutoka mjini.

Wa pili ni John Wood, msanifu majengo. Alianza na Queen Square mwaka 1728, akibuni mfumo ulioujenga mji wote. Wood alikodi ardhi kwa muda mrefu, akachora ukuta wa mbele, kisha akagawa viwanja kwa wajenzi wadogo. Kila mjenzi alilazimika kufuata mchoro wa mbele, lakini ndani na nyuma alijenga atakavyo na kwa uwezo wa mfuko wake. Matokeo yake, nyumba zilizotazama mtaa zilifanana na ikulu moja ndefu. Kumbe ni nyumba za kupangisha, zilizojengwa kwa mikopo na watu tofauti waliotaraji faida.

Mwaka 1754 Wood aliweka jiwe la msingi la The Circus, duara la nyumba 33 lenye ghorofa tatu za nguzo pacha, kila ghorofa kwa mtindo wake. Alifariki miezi michache baadaye, na mwanawe, John Wood mdogo, akaumaliza mradi. Mwana huyo ndiye aliyejenga Royal Crescent kati ya mwaka 1767 na 1775: nyumba 30 katika umbo la mwezi mwandamo, nguzo kubwa 114, na mbele yake uwanja wa majani unaoteremka. Kati ya majani ya wakazi na malisho ya ng'ombe kulichimbwa mtaro ambao hauonekani ukiwa juu. Matajiri walitazama mifugo kana kwamba ni sehemu ya bustani yao, bila mifugo kuwasogelea.

Ushauri wetu kwa anayetembelea Royal Crescent ni azunguke aende nyuma. Huko hakuna mstari ulionyooka. Madirisha hayalingani, mabomba yanakatiza ukutani, nyumba moja imechomoza na jirani yake imerudi ndani. Kwa maoni yetu huko nyuma kunaeleza historia ya Bath vizuri kuliko mbele. Na mbele bado kunalindwa kwa sheria kali. Miaka ya 1970 mwanamke mmoja aliyeishi hapo alipaka mlango wake rangi ya manjano badala ya nyeupe. Halmashauri ilimtaka aubadilishe, akakataa, kesi ikafika kwa serikali kuu, naye akashinda.

Daraja la Pulteney, lililokamilika mwaka 1774 kwa mchoro wa Robert Adam, lina maduka pande zote mbili, kiasi kwamba ukipita juu yake unaweza usijue kuwa uko juu ya mto. Lilijengwa kufungua ardhi ya familia ya Pulteney ng'ambo ya Avon ili nayo ijengwe. Mtaa mpana wa Great Pulteney Street ukafuata. Kisha mwaka 1793 vita na Ufaransa vikaanza, benki za mji zikaanguka, na wajenzi wakafilisika. Mitaa ya pembeni iliyochorwa haikujengwa. Mpaka leo baadhi huanza kwa kona nzuri na kukoma baada ya hatua chache.

Mabomu na matingatinga

Usiku wa tarehe 25 Aprili 1942 ndege za Ujerumani zilianza kuishambulia Bath, zikarudi usiku uliofuata. Zaidi ya watu 400 waliuawa. Yalikuwa mashambulizi ya kulipiza kisasi baada ya Uingereza kuulipua mji wa kihistoria wa Lübeck. Assembly Rooms, kumbi za dansi zilizofunguliwa mwaka 1771, ziliteketea ndani na kubaki kuta. Zilikuwa zimekarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 1938, miaka minne tu kabla. Ukarabati wa pili ulikamilika mwaka 1963.

Uharibifu uliofuata haukuletwa na adui. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 halmashauri ilibomoa mitaa mingi ya nyumba za mafundi, vibarua na wauza duka wa karne ya 18, ikisema ni chakavu. Majengo makuu yaliachwa, kwa hiyo watalii hawakulalamika. Mwaka 1973 mwandishi Adam Fergusson alichapisha kitabu kilichoiita kazi hiyo uporaji wa Bath, na kelele za umma zikasaidia kusimamisha ubomoaji. Hasara haikurudi. Nyumba ya tajiri wa karne ya 18 mgeni anaweza kuiona leo, lakini ya dobi wake ni vigumu kuipata.

Mnara wa sukari

Kaskazini mwa mji, juu ya kilima cha Lansdown, kuna mnara wenye urefu wa mita 37 ambao juu umefunikwa kwa dhahabu. Ni Beckford's Tower, uliokamilika mwaka 1827. William Beckford, mwandishi na mkusanyaji wa sanaa, aliishi chini ya kilima na alipenda kupanda farasi hadi mnarani, ambako alihifadhi vitabu na vitu vyake vya thamani.

Beckford hakufanya kazi kupata fedha hizo. Babu zake walikuwa miongoni mwa wamiliki wakubwa wa mashamba ya miwa nchini Jamaica, na baba yake, aliyezaliwa kisiwani humo, aliwahi kuwa meya wa London mara mbili. Mtoto alirithi yote akiwa na umri wa karibu miaka 10: ardhi, viwanda vya sukari, na Waafrika waliofanyishwa kazi humo kama watumwa. Uingereza ilipopiga marufuku utumwa katika makoloni yake kwa sheria ya mwaka 1833, serikali ililipa fidia ya paundi milioni 20. Zilikwenda kwa wamiliki. Waliokuwa watumwa hawakulipwa chochote.

Kwa muda mrefu maelezo ya mnara yalizungumzia ladha ya Beckford katika sanaa, na Jamaica ilitajwa kwa kupita tu. Makumbusho ya mnarani yalifungwa kwa ukarabati na kufunguliwa tena mwaka 2024, na sasa yanaeleza wazi chanzo cha utajiri huo. Wapo wanaoona huko ni kuchafua historia. Sisi tunaona kinyume chake: bila Jamaica, mnara ule hauna maelezo.

Mfalme wa Ethiopia mtaani Newbridge

Upande wa magharibi wa mji, eneo la Newbridge, kuna nyumba ambayo mara nyingi haimo katika ziara za watalii, na ambayo msomaji wa Afrika Mashariki pengine angeitafuta kwanza. Inaitwa Fairfield House. Ni nyumba ya karne ya 19, ya kawaida tu kwa viwango vya Bath. Humo aliishi Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia kuanzia mwaka 1936 hadi 1940.

Majeshi ya Mussolini yalikuwa yameiteka Addis Ababa mwezi Mei 1936. Juni 30 mwaka huohuo mfalme alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa wa wakati ule, League of Nations mjini Geneva, akaomba msaada. Hakuupata. Alifika Bath na familia yake na wasaidizi, akanunua Fairfield, na akaishi kama mkimbizi mwenye cheo. Fedha zilipungua, baridi iliwatesa, na Malkia Menen hakuistahimili, akaenda Jerusalem. Ni huko Bath ambako mfalme alisimulia kumbukumbu za maisha yake zilizokuja kuwa kitabu.

Mwaka 1940, baada ya Italia kuingia vitani, aliondoka kupitia Sudan. Vikosi kutoka Kenya, vikiwemo vya King's African Rifles vyenye askari wa Afrika Mashariki, vilisonga kupitia Somalia hadi Addis Ababa, na tarehe 5 Mei 1941 mfalme aliingia tena katika mji mkuu wake. Bath haikumsahau, naye hakuisahau. Mwaka 1954 alirudi akapewa heshima ya uraia wa mji. Mwaka 1958 aliitoa Fairfield House kwa mji ili itumike kwa ajili ya wazee.

Wazee wenye asili ya Karibiani wamekuwa wakikutana humo kwa miaka mingi, na Marastafari huja kuizuru, kwao ikiwa mahali patakatifu. Vuguvugu hilo lilizaliwa Jamaica miaka ya 1930, kisiwa kilekile kilichogharamia mnara wa Lansdown. Kutoka mnara hadi Fairfield si mbali, na majengo yote mawili hufunguliwa kwa wageni kwa siku maalumu tu, kwa hiyo ni vizuri kuuliza kabla ya kwenda.

Je, mtu anaweza kuoga leo?

Katika bwawa la Warumi, hapana. Mwaka 1978 msichana mmoja alifariki kwa ugonjwa wa ubongo uliosababishwa na amiba aliyekuwa ndani ya maji ya chemchemi, na mabafu ya mji yakafungwa. Visima vipya vilichimbwa ili kuyafikia maji yakiwa bado chini, kabla hayajachafuka. Mradi wa mabafu mapya, Thermae Bath Spa, ulichelewa kwa miaka na kuvuka sana bajeti yake, na ulifunguliwa mwaka 2006. Humo watu huoga katika bwawa lililo juu ya paa, abasia ikiwa mbele yao.

Kunywa kunaruhusiwa. Katika ukumbi wa Pump Room, uliokamilika mwishoni mwa karne ya 18, glasi ya maji ya chemchemi yaliyosafishwa bado hutolewa. Ni ya uvuguvugu, na ladha yake ni kama ya chuma. Wagonjwa wa karne ya 18 waliyanywa wakiamini yatawaponya. Wengi wa wageni wa leo hunywa mara moja na kuomba chai.

Maji yanayobaki hupita katika mtaro ambao Warumi waliujenga, yakaingia mto Avon. Hivi karibuni mafundi wameweka ndani ya mtaro huo mitambo ya kunasa joto, na joto hilo sasa hupasha sakafu ya abasia wakati wa baridi.